Nilimsukuma mwenzangu majini: je, usiku ule umenionyesha mimi ni nani?

*"Mimi ni mvuvi hapa Katonga, Kigoma, nina miaka 36, mke na watoto watatu. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana tulikuwa ziwani usiku, watu watano, dhoruba ikatukuta mbali na boti likapinduka. Nikapata dumu tupu la lita ishirini, nikalishika. Kijana mmoja wa kazi, wa miaka kumi na tisa, akanikaba shingoni, tukazama wote wawili. Nikamsukuma kwa miguu nikabaki na dumu langu. Aliokolewa na mwenzetu mwingine, akamvuta hadi kwenye boti lililopinduka. Wote tulirudi hai, lakini habari imeenea mwalo mzima na sasa naitwa 'Dumu'. Tangu siku ile sijarudi ziwani, silali vizuri, jioni nakunywa ili nipate usingizi. Nikimwona yule kijana nabadilisha njia. Baba mkubwa anasema shida ndiyo humuumba mtu na mimi nilidekezwa na mama yangu. Anataka mwanangu wa miaka kumi na tatu aanze kwenda ziwani usiku na boti lake, asije akawa kama mimi. 'Chuma hukomaa motoni,' ndivyo anavyosema. Je, ni kweli hatari huonyesha tabia halisi ya mtu, na mimi sasa nimejijua kuwa mbinafsi na mwoga? Na mwanangu nimtoe?"*

Ndugu yangu, la mwanao lina haraka kuliko lako, kwa hiyo nalijibu kwanza: asiende. Sababu nitazieleza huko chini, na nitakupa maneno ya kumpelekea baba mkubwa.

Sasa lako. Nikikuelewa vizuri, huniulizi kama ulikosea. Unauliza kama miaka yote ya kuwa mume, baba na mvuvi ilikuwa ganda tu, na zile sekunde chache majini ndizo zilizolipasua, kila mtu akaona kilichomo. Wengi walionusurika ajali, moto au vita na wakafika kuketi mbele yangu wana swali hilo kifuani, ingawa ni wachache wanaolitamka waziwazi kama wewe. Imani iliyo nyuma yake ni ya zamani: kwamba hatari humwondolea mtu kila kifuniko, akabaki yeye mwenyewe. Mimi siiamini, angalau si kwa namna inavyosemwa mwaloni.

Tazama kilichotokea mwilini mwako. Kichwa kikizama na pumzi ikakatika, ubongo hauitishi kikao. Sehemu ndogo iliyo ndani kabisa, inayoitwa amigdala, hupiga king'ora. Adrenalini humwagika kwenye damu, moyo hukimbia, misuli hupata nguvu usiyokuwa nayo siku ya kawaida. Wakati huohuo sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima mema na mabaya na kukumbuka kwamba huyu ni mtoto wa fulani na jioni tulikula naye, husukumwa pembeni. Kinachobaki ni yale tuliyozaliwa nayo: kupigana, kukimbia au kuganda. Mtu hapewi nafasi ya kuchagua. Aliyepigana juzi anaweza kuganda kesho, na aliyeganda akapigana.

Kuna jambo ambalo mwaloni hawalisemi: yule kijana naye alikuwa anakuzamisha. Mtu anayezama hushika kilicho karibu na kukipanda, hata kama ni mama yake mzazi aliyekuja kumsaidia. Ndiyo maana waogeleaji hodari hufa wakijaribu kuokoa. Mbona yeye hakuitwa muuaji? Kwa sababu kila mtu anaelewa kwamba ule ulikuwa mwili ukitafuta hewa. Haki hiyohiyo na wewe unaistahili. Waokoaji wa majini hufundishwa wasikubali kukumbatiwa na anayezama. Akiwashika, wajinasue kwanza, hata kwa kumsukuma, kisha wampe kitu kinachoelea badala ya miili yao. Miguu yako ilifanya nusu ya kwanza ya somo hilo bila mwalimu.

Nusu ya pili haikufanyika, na sitakufariji kwa kuificha. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri hubeba karibu kilo 20 majini, na mtu aliye ndani ya maji hadi shingoni anahitaji kushikiliwa kilo chache tu ili pua ibaki juu. Watu wawili wangeweza kulitumia, mradi asiwepo anayejaribu kulipanda. Wewe hukulijua hilo, naye hakulijua. Mngekuwa mmewahi kulifanyia mazoezi mchana, kwenye maji ya kiunoni, huenda mikono ingekumbuka yenyewe kile ambacho kichwa hakikuweza. Stanley Rachman, mwanasaikolojia aliyechunguza wanajeshi wa Uingereza waliokuwa wakitegua mabomu Ireland ya Kaskazini, aliona jinsi mafunzo yalivyowaongezea kujiamini hata kabla hawajakutana na bomu la kweli. Wengi wao waliogopa kama wewe na mimi. Walikuwa tu na kitu cha kufanya huku wanaogopa. Mwaloni kwetu tunampa kijana mkataba wa mdomo na kasia, hatumwulizi hata kama anajua kuogelea, halafu siku ya dhoruba tunashangaa ushujaa umekwenda wapi.

Na yule aliyemwokoa kijana? Simpunguzii heshima hata kidogo. Lakini jiulize: alikuwa ameshika nini? Anaogelea kukuzidi? Alikuwepo mtu aliyemkaba shingo? Alisimama mahali tofauti ndani ya usiku uleule. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa theolojia huko Princeton, Marekani. Kila mmoja alitumwa aende jengo jingine kutoa hotuba fupi, baadhi yao kuhusu mfano wa Msamaria Mwema, na njiani akamkuta mtu amejikunja mlangoni anakohoa na kugumia. Kati ya wale ambao hawakuwa na haraka, asilimia 63 walijitolea kusaidia. Kati ya wale walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Walikuwa watu wa chuo kimoja, wenye dini, kwenye njia moja. Kuandaa hotuba ya Msamaria hakukuwasaidia sana. Dakika ndizo zilizowatenganisha. Sasa wewe na mwenzako hamkutenganishwa na dakika, mlitenganishwa na mikono iliyokuwa kooni kwako.

Wahenga nao walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Sidhani walikuwa wanasifu woga. Nadhani walikuwa wameshazika watu wengi mno.

Je, basi hatari haionyeshi chochote? Inaonyesha, pale inapodumu. Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walijaa Kagunga, ule ufukwe mwembamba uliobanwa kati ya milima na ziwa karibu na mpaka. Kipindupindu kikaingia, na meli ya MV Liemba ikawa inawaleta Kigoma mjini kundi baada ya kundi. Katika shida ya namna ile kuna asubuhi na kuna jioni. Ubongo wa mbele hurudi kazini. Mtu anamwona jirani hana maji safi, analala akiwaza, anaamka na kuamua, na aliyeamua vibaya leo ana kesho ya kuamua upya. Hapo ndipo nakubaliana na wazee: shida ya siku nyingi humtambulisha mtu, maana inampa muda wa kuchagua.

Kwa kipimo hicho mtihani wako haukuwa usiku wa Novemba. Ni miezi iliyofuata, na hapa nina neno la kukuambia, usinichukie. Ukimwona kijana unabadilisha njia. Najua kukwepa ni sehemu ya maumivu yenyewe, nami nitalieleza, lakini barabarani mchana una hewa ya kutosha kifuani na una nafasi ya kufikiri. Kila unapopinda kona unamwachia yeye mzigo wa kujiuliza kama bado unamchukia kwa kukukaba, au kama maisha yake hayakuwa na thamani kwako. Hujui anachokiwaza. Inawezekana naye ana aibu yake.

Nenda kamwone. Ikiwa ni vigumu, mwombe yule aliyemwokoa aende nawe, kwa sababu anaheshimika kwenu nyote. Usiende umekunywa, na usitangulize bahasha. Usimweleze habari za amigdala; hayo nimekuandikia wewe. Mwambie ulichofanya, kwa maneno machache, bila "lakini". Mwambie umekuwa ukimkwepa na hukufanya vyema. Kisha nyamaza umsikilize, hata akikasirika. Huendi kufutiwa deni, na akikataa kukusamehe bado utakuwa umefanya jambo ambalo usiku ule haukukupa nafasi ya kulifanya. Jina la Dumu huenda likakaa. Majina ya mwaloni hayafutwi kwa maelezo, mengi huisha yakiwa utani tu.

Tuje kwa mtoto. Baba mkubwa hajakosea yote. Wanasaikolojia Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, katika miaka ya 1990, waliandika kuhusu watu ambao baada ya msiba mkubwa walisema wamekuwa karibu zaidi na wenzao, wanajiamini zaidi, wanauthamini uhai, wameona njia mpya au imani yao imekua. Lakini waandishi haohao walisisitiza kwamba ukuaji huo hutokana na kupambana na yaliyofuata baada ya msiba, si msiba wenyewe. Na waliokuja kupima baadaye waligundua kwamba mtu kusema "nimekomaa" hakulingani kila mara na mabadiliko yanayoonekana kwake. Nami nikisikia mtu anaisifu ajali yake mapema mno, huwa nangoja kidogo.

Kuhusu wingi wa shida kuna mambo mawili yanayofaa kuwekwa pamoja. Mark Seery na wenzake, katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2010, waliona kwamba watu waliopitia shida kiasi walikuwa na afya nzuri ya akili kuliko waliopitia nyingi, na pia kuliko wale ambao hawakupitia yoyote. Mpaka hapo baba mkubwa atatabasamu. Lakini utafiti mwingine wa West Nile, Uganda, uliochapishwa 2004 na kuwahusisha wakimbizi wa Sudan na wenyeji, ulionyesha kwamba kadiri matukio ya kutisha yalivyorundikana, ndivyo ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe, yaani hofu na kumbukumbu za tukio zisizomwacha mtu, ulivyoongezeka. Kama mapigo yangekomaza, waliopigwa zaidi wangekuwa imara zaidi. Ikawa kinyume.

Hata hicho chuma anachokisema, mfua chuma hakitupi motoni akaenda kulala. Anakitazama rangi, anakitoa, anakigonga, anakipoza. Akikiacha humo kinaungua na hakifai tena hata kwa jembe.

Na lile la kudekezwa na mama yako liweke kando kabisa. Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, hadi utu uzima. Miongoni mwa waliokulia kwenye umaskini na nyumba zenye matatizo mengi, karibu theluthi moja walikua watu wazima wenye kujimudu na kujali wengine. Kitu kilichojitokeza tena na tena kwao ni kuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyekuwa upande wao bila kuyumba, mzazi au asiye mzazi. Mapenzi ya mama yako hayakukupunguzia nguvu majini.

Kwa mtoto, basi, kinachojenga ni ugumu unaolingana na umri wake, wenye mtu wa kumshika mkono, na ambao akishindwa hafi. Uvuvi wa usiku haumo. Na sheria iko wazi: Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18. Dagaa wanavuliwa saa hizohizo, kwa taa, siku za giza. Mtoto anayesinzia darasani wiki mbili kila mwezi hakomai, anafeli.

Kwa hiyo usimpelekee baba mkubwa kukataa tupu. Ni mkubwa wako, na bila shaka anampenda mjukuu wake. Mwambie hivi: "Baba, nakubali akomae. Naomba umfundishe wewe mwenyewe kuogelea na kupiga kasia, mchana, siku za mbalamwezi boti zikiwa zimepumzika." Umempa kazi yenye heshima. Aanze maji ya kifuani, avae jaketi okozi, ajifunze kuelea chali, ajifunze kushika dumu na mtu wa pili bila kulipanda. Ashone nyavu, ashike hesabu ya mauzo, apewe jambo gumu la kulisimamia na aachwe akosee. Chagueni sehemu ambayo wenyeji wanajua haina mamba wala viboko. Usiniletee kesi nyingine.

Nimalizie na afya yako, maana hilo hukuliuliza lakini ndilo lililonifanya nijibu kwa urefu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 70 ya watu hukutana na tukio la kutisha katika maisha, na kati yao asilimia 5.6 hivi ndio wanaopata ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe. Wengi hupona bila tiba. Ila dalili zikizidi mwezi mmoja na kuvuruga kazi na usingizi, hatusemi tena "zitapita". Wewe umeshavuka mwezi siku nyingi. Hulali, unakimbia ziwa, unakimbia mtu, unakunywa. Sikupimi kwa barua, lakini hayo yanatosha kwenda kupimwa.

Pombe inakulaza mapema na kukuamsha usiku wa manane moyo ukidunda, na inauzuia ubongo kulimeza tukio. Punguza kidogo kidogo. Kama umekuwa ukinywa sana kila siku, usikate ghafla bila kumwona mtaalamu, maana kutetemeka na hata degedege vinaweza kukupata. Usinunue vidonge vya usingizi aina ya valium duka la dawa kwa ushauri wa jirani. Havitibu msongo wa namna hii, na ukivichanganya na pombe vinaweza kukuzima pumzi.

Ziwa nalo lirudie kwa ngazi. Kila unapolikwepa unapata nafuu ya saa moja na hofu ya wiki nzima. Simama ufukweni asubuhi kukiwa shwari, ukae hadi moyo utulie wenyewe, usiondoke ukiwa bado unadunda. Siku nyingine ingia hadi magotini. Baadaye panda boti lililofungwa, kisha zunguka karibu na nchi kavu mchana na mtu unayemwamini, jaketi mwilini. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Kipindi kama hicho, ambapo hakuna anayekuuliza mbona huendi kazini, kinafaa kwa zoezi hili, ila chagua asubuhi kabla upepo wa kusini-mashariki haujachachamaa. Kama hata kusimama ufukweni kunakurudisha majini kana kwamba ndiyo sasa hivi, acha, usilazimishe peke yako. Hapo panahitaji mtaalamu.

Tiba zipo. Mojawapo ni ile ya kuyasimulia maisha yako yote kwa mpangilio, pamoja na tukio lenyewe, mbele ya mtu aliyefunzwa. Imejaribiwa kwa wakimbizi katika makambi ya Uganda na ikawasaidia. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, uliza huduma ya afya ya akili. Mapokezi sema tu: "Nilipata ajali ziwani, tangu hapo silali." Inatosha, huna haja ya kuwasimulia habari ya dumu kwenye foleni. Nenda na mkeo ikiwezekana, kwa kuwa yeye ndiye anayeona usiku wako. Kama umefika mahali pa kuona bora ungezama, usingoje kliniki wala siku nyingine. Mwambie leo, asikuache peke yako, mwende hospitali leo hiihii hata kama ni usiku. Na kama unaogopa kukutana na watu wa mwalo pale Maweni, panda gari asubuhi uende hospitali ya wilaya Kasulu, ambako hakuna anayekujua kwa jina hilo.